Maparachichi ya Kibosho Yanashuka Tanga

Jumatano, 2 Julai 2025

Limekubaliwa! Kontena linakuja. La kwetu wenyewe, kikundi cha Kibosho. Miaka yote hii dalali alikuwa anakuja na Fuso, anabeba, anavuka nayo mpaka, na maparachichi yetu yanapanda meli kwa jina la mtu mwingine. Safari hii yanashuka bandari ya Tanga kwa jina letu.

Primus karudi kutoka mjini na habari hizo, kasimama mlangoni hata koti hajavua, anacheka peke yake. Mume wangu huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi, na tangu apewe huo uenyekiti sijamwona akicheka vile.

Nikamuuliza, kwa nini Tanga na siyo Dar? Ni karibu, akasema, halafu siku hizi meli inakuja mpaka ukutani. Ukuta gani? Gati. Kwani zamani ilikuwaje? Zamani meli ilisimama mbali majini, mzigo unapelekwa na tishari. Tishari ndiyo nini? Hapo akasema: Salvina, niache nile.

Haya. Nimekuja kuuliza huku daftarini.

Bahari nimeiona mara moja tu, Dar, kwenye harusi ya binamu, nikarudi na mchanga ndani ya viatu. Sasa nashangaa jambo moja. Wamechimba kina huko Tanga, na greda limepita huku kwetu Kibosho! Barabara ambayo tumeililia mpaka tukachoka. Nani kaliambia greda kwamba huku kuna mzigo? Mtu aliyekaa wapi? Nataka kujua hiyo habari inapandaje mlima.


Jumamosi, 5 Julai

Kutwa nzima Shirimatunda, kule Moshi. Miguu inawaka moto.

Chumba cha baridi kipo huko chini kwa sababu semitrela haiwezi kupanda Kibosho, greda lipite lisipite. Kina mama tunashuka na Fuso la kreti asubuhi, tunachambua hadi jioni, mimi ndiye msimamizi. Lililong'oka kikonyo, nje. Lililochubuliwa na upepo, nje. Laini hata kidogo, nje, hilo la kula wenyewe. Tumekula parachichi wiki hii mpaka tunaonana wa kijani.

Filbert, fundi wa kuchomelea pale jirani, alikuwa akitengeneza mageti ya watu. Sasa ni rafu za kreti tu, na ameongeza mafundi. Pamela shoga yangu ameacha genge la nyanya, anapika supu na chapati za madereva. Nikamuuliza, unajua bandari iko wapi? Tanga. Umeshafika? Sijafika, akasema, yenyewe ndiyo imenifikia mimi. Na akanicheka kwamba nimeuliza swali la kitoto.

Si la kitoto! Meli yenyewe hata jina hatulijui. Imemtoaje Pamela gengeni?

Nyumbani Mama hajauliza neno. Mama mkwe wangu, Magdalena, yuko nyumba ya juu, kihamba kimoja na sisi, shamba la ukoo. Tangu Primus ang'oe kahawa ya marehemu baba yake upande wa mfereji akapanda maparachichi, Mama hakanyagi upande ule. Akitaka majani ya ng'ombe anazunguka kwa jirani! Anayaita "yale madude ya Primus". Anamsalimia mwanawe, akiumwa anampikia mtori wa ndizi, ila ukitaja parachichi tu anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Kahawa ile ndiyo iliyomsomesha huyo Primus. Kila mche aliupogoa kwa mkono wake. Namwelewa kabisa. Primus naye anamwelewa, ndiyo maana linamuuma.


Jumapili, 6 Julai

Maajabu ya Musa! Mama ameuliza!

Tulikuwa tunamenya ndizi baada ya misa, mimi na yeye. Kaanza tu bila kunitazama: hilo sanduku lenu la chuma, hayo madude hayaozi humo siku zote hizo majini?

Sikuamini masikio yangu. Nikamweleza kwa raha zote. Kwamba lina mashine, ndani baridi kama kule juu karibu na barafu. Kwamba tunda likiingia humo linalala. Haliivi mpaka litolewe. Kila kitu humo kinalala? Kila kitu, Mama.

Akamenya ndizi mbili tatu. Kisha: wanaoyabeba ni watu gani? Mabaharia, nikasema, wa kila nchi, wanakaa majini miezi. Miezi? Na wanakula nini? Sijui, Mama, wali labda. Akasema maskini, watoto wa watu.

Nimemwambia Primus. Kijiko kimebaki hewani. Mama? Ameuliza lini? Alisemaje, hebu rudia maneno yake mwenyewe. Nimerudia mara ngapi sijui. Amelala anatabasamu, mwenyekiti mzima.


Jumatano, 9 Julai

Ukungu tangu asubuhi, mlima hauonekani. Baridi ya kukata masikio.

Kelele za maji tena mferejini. Mzee Eliakim anasema maparachichi yetu yanakunywa zamu ya watu wote, migomba yake imekauka. Si mwongo sana. Hili nalo ningependa mtu anieleze: meli ikija mara nyingi zaidi, na mfereji utaongezeka? Nimemuuliza Primus, kasema moja moja, Salvina.

Ana haki ya kuchanganyikiwa. Mnunuzi wa Ulaya ameandika wazi kwamba kontena hili ni la majaribio. Likifika zuri, msimu ujao wote atachukua kwetu. Likiharibika, turudi kwa dalali. Na ni Primus aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu. Priska, yule mjane wa pale konani, aling'oa hata mstari wa mwisho wa kahawa kwa neno la Primus. Jana Primus kaniambia mimi, siyo huyo mjane: hili likiharibika sitakuwa na uso wa kupita Kibosho, nitahamia Mirerani nikachimbe tanzanite.

Atasafiri na kontena mpaka Tanga, alione likipanda. Na mimi? Mimi mwenye maswali yote? Eti ng'ombe atakamuliwa na nani! Nimemkunjia uso. Basi nimemtuma akaniletee majibu. Swali la kwanza: chuma chote kile na mizigo juu yake kinaeleaje?


Ijumaa, 11 Julai

Nimechoka hoi lakini leo lazima niandike, nisije nikasahau hata kidogo.

Limekuja! Jeupe, refu, mashine yake usoni inavuma. Mathew, dereva, kanionyesha kioo kidogo chenye namba za baridi. Ukilizima litakaa baridi muda gani? Na njiani linatumia umeme wa wapi? Lina jenereta lake, akasema, tumboni mwa trela. Nikainama nikalichungulia. Mathew anauliza watu, huyu mama ni injinia?

Mkaguzi wa mimea anaitwa Efraimu, mtu mpole, ana kioo cha kukuzia mfukoni. Kafungua maboksi anayotaka yeye, siyo tuliyomsogezea. Kakata matunda, kanusa, katazama vikonyo kimoja kimoja. Sote tunanyoosha shingo tuone. Akasema: safi. Wanawake wakapiga vigelegele, akatunyamazisha kwa mkono. Cheti changu kinasema parachichi, akasema. Humo hakiingii kingine, hata jani. Sawa mwalimu!

Halafu kwenye saa za mchana, nani anashuka kwenye Fuso la kreti? Mama! Kitenge cha Pasaka, na mkungu wa ndizi kisukari kichwani.

Primus kaganda. Kisha kakimbia kwenda kumtua. Mama kakataa: acha, nitauweka mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa mkungu, kila mama alishuka na wake, jiko la Pamela lilikuwa limejaa ndizi. Mama akatembea polepole kwenye maboksi. Akamuuliza Primus, yetu ni yapi? *Yetu!* Primus akamwonyesha. Akaweka mkono juu ya boksi, akautuliza hapo. Primus akageukia ukutani anapangusa macho kwa mkono wa shati. Vumbi, ananiambia. Vumbi gani, pale tulikuwa tumemwaga maji asubuhi.

Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu wa maboksi. Lakini chakula kilikuwa tayari, na hapa kwetu mgeni haondoki hajala, hata awe na haraka ya namna gani. Efraimu kasema kazi kwanza. Pamela kamshika mkono kabisa: baba, hapa siyo Dodoma, kaa. Kakaa. Mtori, ndizi na nyama, wakubwa wakapewa na mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi. Dereva maziwa.

Mimi nikajibanza karibu na Efraimu. Nimemmaliza kwa maswali mpaka mtori ukapoa. Kumbe meli haiingii yenyewe! Kuna rubani anaifuata huko nje, anapanda kwa ngazi ya kamba, yeye ndiye anayejua njia. Kuna boti za kuisukuma. Kuna watu wa kamba, wa kreni, wa forodha, wa kuchomeka makontena ya baridi kwenye umeme na kuyapima usiku na mchana. Nje ya geti wapika chapati, kama Pamela. Nikamwambia, basi hiyo ni foleni, inaanzia mferejini kwangu. Kasema ndiyo, na mmoja akikosea wote wanasimama. Nilipenda alivyosema.

Tulipomaliza kula vijana wakapakia mstari wa mwisho. Milango ikafungwa, sili ya kuzuia isifunguliwe ikapigwa. Sala fupi. Primus kapanda mbele na Mathew, koti la harusi, jua lote lile.

Mama kapunga mikono yote miwili mpaka trela likapotea kwenye kona. Mama! Kwa maparachichi!


Jumamosi, 12 Julai

Wamefika salama. Primus kapiga simu, sauti imekauka kwa joto, anasema anaelewa sasa kwa nini watu wa pwani wanaongea taratibu.

Kontena letu limewekwa uwanjani na mengine ya baridi, kila moja na waya wake, kama ng'ombe zizini. Meli haijaingia, iko nje inangoja nafasi, itaingia Jumatatu. Wakala wetu wa forodha, Shemdoe, ni mtu wa kule kule. Ana maneno laini: ondoa shaka mwenyekiti, mzigo ukishafika kwangu ni mgeni wangu.

Primus kaona katani, kaona magari ya watu wa Burundi yamepangwa kama maharage. Kaona na mbolea inashushwa, magunia yenye chapa ile ile tunayonunua Moshi mjini! Nimekaa na hilo mchana wote. Kwa hiyo mti umekula mbolea iliyopita gati lile, na tunda linarudi gati lile lile. Miaka yote nimemwaga hiyo mbolea na sikujiuliza imetoka wapi. Mimi!

Na majibu yangu? Kayaleta. Shemdoe kasema chukua sufuria, weka kwenye ndoo ya maji. Inaelea. Tia vijiko, bado inaelea, inazama kidogo tu. Usiruhusu maji kuingia, basi. Nimejaribu kwenye karai la kuoshea. Mama kaja kuchungulia. Tukatia vijiko, tukatia vikombe, tukatia na kinu kidogo cha vitunguu. Sufuria ikashuka, ikashuka, haikuzama. Tumecheka wawili sisi kama wasichana. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka na Mama hivyo.


Jumapili, 13 Julai

Ee Mungu wangu.

Tunatoka misa, tunateremka, Mama yuko nyuma yangu. Kaniuliza kwa furaha tu: hao wa melini, wameshazipata ndizi zangu?

Ndizi zipi, Mama?

Ule mkungu. Ijumaa. Hakuupeleka jikoni. Sisi tulipokaa kula, yeye kaenda kwa vijana wa kupakia, kawaambia wauingize nyuma ya maboksi, kabla ya mstari wa mwisho. Na wameuingiza! Nani angemkatalia mama wa watu, kitenge cha Pasaka, mama wa mwenyekiti? Kasema mtu hatoki Kibosho kwenda kwa watu mikono mitupu. Mabaharia wale wanakaa miezi hawajaonja ndizi, na wao ndio watakaolea mzigo wa mwanangu majini. Nikamuuliza zilikuwa mbichi? Vidole viwili vitatu vilishapiga njano, kasema, ili wasingoje sana.

Nikahesabu kwa vidole: leo ni siku ya tatu zimo humo.

Kila mwanamke wa huku anajua: unataka parachichi liive upesi, lifungie pamoja na ndizi mbivu. Mama ndiye bingwa wa kuvundika ukoo mzima! Lakini kuvundika kunataka joto, na nani alimwambia humo ni baridi, kila kitu kinalala? Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Sasa ndizi kwenye baridi ile inalala kweli au inalala nusu? Sijui! Hata hilo sikuuliza.

Na cheti. "Hata jani." Wakifungua kule Ulaya wakakuta mkungu mzima ambao haumo kwenye cheti, hawatakula wakatushukuru. Watatupa vyote, maboksi ya Priska na ya kila mtu, na Kibosho tutaandikwa waongo.

Hayo sikumwambia. Nilisema, hawajazipata bado, Mama. Akasema basi, watazipata.

Nikimwambia Primus? Siku moja tu katika miaka yote hii mama yake ameweka mkono juu ya kazi yake. Moja! Nimpigie simu nimwambie mkono ule ndio ulioharibu? Na Mama akijua, atarudi kuzunguka kwa jirani hadi anazikwa. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Labda. Nimeketi na hiyo labda tangu mchana.


Jumatatu, 14 Julai, asubuhi

Primus kapiga. Meli imeingia! Anapiga kelele kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndefu kuanzia kanisani mpaka sokoni, anasema, naapa, na inasogea taratibu mpaka inagusa ukuta huwezi kusikia. Kontena letu linapandishwa alasiri. Mwambie Mama. Mwambie nitampelekea picha.

Nikasema nitamwambia.

Mwoga mimi. Mwoga kabisa.


Jumatatu, 14 Julai, alasiri

Nimemwambia Mama kwanza. Kumsema kwa mwanawe nyuma ya mgongo wake nimeshindwa.

Alikuwa anakatakata mgomba wa ng'ombe. Nikasimama pale nikaongea haraka haraka bila kupumua: ndizi, cheti, Ulaya, maboksi ya watu. Aliendelea kukata. Niliposema kontena zima linaweza kutupwa, panga likatulia.

Kageuka kunitazama. Halafu bila ukali wowote: wewe mwanamke unauliza meli inaeleaje. Mimi nimepita mbele yako na mkungu kichwani, hukuniuliza naupeleka wapi.

Ni kweli, sikuuliza.

Nikaanza, Mama, tunaweza pia kunyamaza, pengine hawataona... Kanikata. Mzigo wa Priska umo humo? Umo. Wa nani mwingine? Wa wote, Mama. Kaweka panga chini, kapangusa mikono kwenye khanga. Lete simu.

Primus kapokea anadhani ni mimi. Akasikia sauti ya mama yake, ambaye hajawahi kupiga simu yoyote, na kaanza: Mama! Picha umeiona? Mama akamwambia kwa Kichagga, maneno machache tu, kama anavyosema ng'ombe amekufa. Nilisikia honi huko, na watu wanaitana. Primus akasema taratibu: Salvina, weka sauti ya juu. Kisha akaita, Shemdoe! Njoo usikie.

Shemdoe kaanza na shikamoo Mama. Marahaba. Kasikiliza yote mpaka mwisho hakudakia. Akasema, sasa wazazi wangu, tuambizane ukweli. Kontena likiwa chini, lafungulika. Likishapanda juu, mkono wangu haufiki tena. Lakini kuvunja sili lazima aje mkaguzi wa huku, na forodha, na wao watataka maelezo: nani katia nini, na kwa nini. Wanaweza kutoa mkungu wakafunga upya. Wanaweza kusema lote likaguliwe upya, meli ikaondoka. Wanaweza kulikataa. Sikuahidini kitu.

Nikauliza, liko wapi sasa? Lipo kwenye foleni, mbele yake yako machache.

Hapo Primus akasema: andika mimi. Andika mwenyekiti alisahau ndizi zake humo ndani.

Shemdoe akasema, mwenyekiti, wewe ndiye uliyeweka sahihi kwamba humo mna parachichi peke yake. Ukijiandikisha wewe, kikundi kimeongopa. Wanakufungieni msimu mzima.

Siandikishi jina la mama yangu kwa watu wa serikali! Primus kafoka, sauti imepasuka. Haiwezekani! Bora lirudi! Nikamsikia kabisa kwamba analia, huko gatini mbele ya watu, na koti lake la harusi. Mimi pia nililia.

Mama kavuta simu karibu na mdomo. Primus, nyamaza. Wewe kijana wa Tanga, una kalamu?

Ninayo, Mama.

Andika Magdalena. Andika nimeziweka mimi, kwa heri, kwa kutojua. Na usiandike mama wa mwenyekiti. Andika mkulima wa parachichi, Kibosho.

Mkulima wa...? Kulikuwa na kelele huko.

Parachichi! Mama akarudia kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Pa-ra-chi-chi!

Shemdoe akasema, nimeandika. Msikate simu, namkimbilia mtu wa kreni.

Hatujakata. Simu iko mezani, naandika pembeni yake. Tunasikia miguu inakimbia. Tunasikia Primus anahema, anakimbia naye. Mtu anapiga mluzi. Sasa kuna mnyororo unalia na kitu kizito kinanyanyuliwa, polepole.

Mama ameinamia simu. Ameuliza: hilo ni letu?

Sijui, Mama. Nimeita Primus mara mbili. Hajajibu.